Binti wa Nyumba Mbili Anataka Hosteli

Mama Mshauri, pokea salamu zangu, na kabla hujaanza kunikemea naomba unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu mke wangu anasema mimi nikianza habari huwa nazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Mimi ni fundi sofa, nina karakana yangu na mafundi wawili, kazi inakwenda, nyumbani kuna amani, kwa hiyo siandiki kwa shida ya tumbo wala ya ndoa, naandika kwa ajili ya binti wa mke wangu, ambaye nimemlea tangu meno yake ya mbele yalipokuwa yanadondoka, na ambaye sasa amenibebesha mzigo ambao naogopa kuutua na naogopa kuendelea nao.

Binti huyu tunamwita Chiriku kwa sababu alipokuwa mdogo hakuishiwa maneno. Mama yake ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, baba yake mzazi ni mpima ardhi, anaishi mji mwingine, ukipanda basi asubuhi unafika mchana, na tangu walipoachana mtoto amekuwa wa nyumba mbili, siku za shule kwetu, likizo kwa baba, na nataka nikwambie ukweli kwamba wote wawili ni wazazi wazuri, humo hakuna mlevi wala mtoro wa majukumu, ila kila mmoja anamchunga mwenzake kama refa, ukimwachia mtoto akae kule siku mbili za ziada, huku wanadai fidia.

Sasa Chiriku amemaliza shule na anataka kusomea tiba ya viungo, ile kazi ya kuwarudisha watu kwenye miguu yao baada ya ajali au kiharusi, na chuo kikuu kimoja cha binafsi hapa mjini kwetu kimempa nafasi mapema, kabla hata vyuo vya serikali havijaanza kupokea maombi, ila wametutaka tuthibitishe kabla mwezi haujaisha, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Suala la ada naomba tuliweke kando, wazazi wake wamekaa wakalipanga, na mimi nimo, tunaliweza. Ugomvi hauko hapo.

Ugomvi ulianza na kutembelea chuo. Mara ya kwanza tulikwenda mimi, mke wangu na Chiriku, ilikuwa siku ya kuwakaribisha wazazi, mahema yamefungwa, juisi baridi, wahadhiri wamevaa majoho kwenye jua lile, vijana wenye fulana za rangi moja wanatutembeza huku na huku, tukaingizwa kwenye chumba cha mazoezi ya vitendo, kuna vitanda vya wagonjwa, mipira mikubwa ya kufanyia mazoezi, mifupa ya plastiki imesimama kama inasubiri kuhudumiwa, na mhadhiri mmoja mwanamama akamwita Chiriku mbele, akamfundisha palepale namna ya kushika goti la mgonjwa na kulikunja bila kumwumiza, mgonjwa mwenyewe nikiwa mimi. Mke wangu, ambaye ni mgumu wa kusifia kitu, tulipofika getini wakati wa kutoka alisema, "Hapa ndipo. Asubuhi anatoka nyumbani, jioni yuko mezani kwangu."

Baada ya hapo baba mtu akapanda basi akaja, akamchukua mwanawe, akaenda naye chuoni siku ya kawaida bila kumtaarifu mtu, na mahema hayakuwepo, chumba kile cha vitendo kina kufuli, wanafunzi wamekaa kwenye ngazi wanachezea simu, akamuuliza mmoja, akamjibu kwamba wiki ile hawajaingia humo hata mara moja. Akampigia mke wangu akiwa bado getini.

"Nimekiona chuo chako bila mapambo," akamwambia.

"Chuo changu? Kwani nimekijenga mimi?"

Basi hapo ndipo walipofikia na hapo ndipo walipo, mmoja anasema mwenzake alihongwa kwa juisi, mwingine anasema mwenzake alikwenda kutafuta kasoro na asiyekuwa nazo ni nani, na baba anataka tuiache nafasi hii tusubiri chuo cha serikali kilichoko mjini kwake, ambacho kina idara ya siku nyingi, binti akae kwake, na chumba ameshakipaka rangi. Ukiwasikiliza utadhani walikwenda vyuo viwili tofauti. Na Chiriku akiulizwa anajibu, "Vyote vizuri," anachukua sahani yake anakwenda kuiosha.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Juzi mchana Chiriku alikuja karakana, akakaa kwenye kochi ambalo sijalivisha kitambaa, mimi nakata sponji, mafundi wangu wametoka kupeleka mzigo, akasema, "Anko, nikikwambia kitu utakisema kama ni cha kwako?"

"Kitu gani?"

"Ahidi kwanza."

"Siahidi nisichokijua, mimi sigombei ubunge."

Akacheka kidogo, halafu akanieleza. Chuo hiki cha binafsi anakitaka, tena anakitaka sana, tangu siku ile ya goti langu, lakini hataki kutokea nyumbani. Anataka kukaa hosteli ya chuo. Nikamwambia mbona kutoka kwetu mpaka pale ni kituo kimoja tu cha basi, akasema anajua. Akasema siku ile sisi tulipokuwa maktaba yeye alipanda juu hosteli na yule msichana aliyekuwa anatutembeza, akaonyeshwa chumba, kitanda, meza, rafu, msumari wa kutundikia nguo nyuma ya mlango, basi.

"Nilikaa kwenye kile kitanda, Anko, nikajisikia nimepumzika."

"Kwani kwetu hupumziki?"

"Napumzika. Na kwa baba napumzika. Lakini kwenu nikimkumbuka baba nanyamaza, na kule nikiwakumbuka nyinyi nanyamaza. Nikicheka sana huku naona kama namwibia wa kule. Nataka mahali pamoja pawe pangu. Nikitoka asibaki mtu amenuna, nikirudi mtu asiniulize kule walinipa nini."

Mama Mshauri, mkasi niliuweka chini. Nikamuuliza kwa nini hawaambii wazazi wake, akasema akimwambia mama, mama ataona anakimbiwa, na akimwambia baba, baba ataona amechaguliwa wa mwisho. "Sema wewe ndiye uliyeshauri," akaniambia. "Wewe si mama wala si baba. Hawatakuchukia."

Hilo la si mama wala si baba liliniuma na likanipendeza papo hapo, hata leo sijui lipi lilizidi. Lakini hebu nitazame nilipo, nikifungua mdomo niseme mtoto akakae hosteli wakati nyumba ya mama yake iko kituo kimoja, mke wangu atasema nini, dada zake watasema nini, si watasema kumbe fundi alikuwa anasubiri tu binti amalize shule amtoe nyumbani, na yule baba kule naye atasema nilijua tu. Nikikataa, nimemfungia binti mlango pekee aliougonga. Na liko jingine ambalo sijamwambia mtu, kwamba mimi mwenyewe sitaki aondoke, ile nyumba bila yeye itakuwa kama duka siku ya mazishi.

Binti ana akili na nina hakika amechagua sawa, kwake sina wasiwasi hata chembe. Wasiwasi wangu ni mdomo wangu mwenyewe. Niseme nini, nimwambie nani, na niseme kwa jina la nani?

Ni mimi, Fundi Sofa.

JIBU

Fundi, umezunguka kweli, lakini mahali pa kulala umepapata. Nakupa pole na nakupa hongera, na kukemea kuko palepale.

Tuanze na hongera. Msichana wa umri huo ana marafiki, ana simu, ana mama wadogo na mashangazi. Akaja kukaa kwenye kochi lisilo na kitambaa akakwambia wewe. Halafu unaniuliza wewe ni nani kwake! Acha kuhangaika na cheo. Umeshapewa, na aliyekupa hakuwa na haja ya kukupaka mafuta.

Sasa sikiliza. Hutasema maneno yake kama ya kwako. Ni uongo, na uongo huo hautafika hata mwezi, kwa sababu mkeo atakuuliza swali la pili na hutakuwa na jibu. Pia utamfundisha binti kwamba jambo zito unamtuma mtu. Huyu anataka kazi ya kumshika mtu mzima goti linalouma na kumwambia inua, najua linauma, inua tena. Ataweza kumwambia mama yake anataka chumba. Mwambie hivyo, kwa sauti ya upole, lakini mwambie.

Wazazi wake nao niwaseme kidogo, najua siku jibu hili likitoka gazetini mkeo atalisoma. Mama alikwenda chuoni akaona meza yake ya jioni. Baba alikwenda chuoni akaona chumba alichokipaka rangi. Wote wawili wanampenda, sina ubishi, lakini wanachogombania si chuo. Wanagombania nani atabaki naye. Na mtoto kaligundua hilo muda mrefu uliopita, ndiyo maana kila siku ana sahani ya kuosha.

Hata hivyo kufuli la baba ni swali la haki, msilipuuze kwa sababu tu limeulizwa na mtalaka. Siku ya mahema chuo kinakuonyesha kinachoweza, siku ya kawaida kinakuonyesha kinachofanya. Nendeni siku ya kawaida, nyote wanne kwa pamoja, kabla mwezi haujaisha. Ofisi ya udahili ipiteni tu, kazi yao ni kutabasamu. Ingieni kwenye idara yenyewe. Ulizeni nani anafundisha vitendo na ana muda gani hapo. Ulizeni wanafunzi wanapelekwa hospitali gani, na kuanzia mwaka wa ngapi. Ulizeni kama kozi inatambuliwa na bodi inayotoa leseni kwa kazi hiyo, na msikubali kuambiwa "iko mbioni". Halafu mtafuteni mwanafunzi wa mwaka wa tatu asiyevaa fulana ya kukaribisha wageni, mnunulieni soda, mwacheni aongee. Majibu yakiwa mabaya, msithibitishe, hata kama hosteli ina mazulia. Yakiwa mazuri, msiache kilicho mkononi kwa kusubiri ambacho hakijaanza hata kupokea maombi.

Na hosteli mwiangalie kwa macho ya watu wazima. Nani analala kwenye chumba cha msimamizi, maji yanatoka siku zote au siku za wageni, mlango wa nje unafungwaje.

Baada ya hapo kaeni palepale chuoni, kantini, penye meza ambayo si ya mama wala ya baba. Chiriku aanze kuongea. Wewe kaa upande wake, karibu. Akimaliza kutakuwa na kimya, na ninakujua tayari, utataka kukijaza. Usikijaze. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizokupa.

Kuna moja la kufanya kabla ya safari hiyo. Mwambie mkeo kwamba binti akiondoka utamkosa. Siri ya Chiriku usiiguse, ongelea yako tu. Umeniambia mimi nisiyekujua sura, na yeye mnayekula naye hujamwambia. Neno hosteli likija mezani, ajue tayari wewe hukuwa unamsukuma mtu mlangoni. Fanya leo.

Wasomaji wangu, kwa kuwa mwezi ulikuwa ukingoni, jibu hili nilimtumia fundi moja kwa moja badala ya kusubiri zamu ya ukurasa huu. Amekubali tuchapishe yote, pamoja na aliyoniandikia baadaye.

BARUA YA PILI YA FUNDI

Mama Mshauri, tulikwenda. Baba Chiriku alikuja kwa basi la kwanza, tukamkuta getini ameshafika, shati limepigwa pasi, tukasalimiana kama watu wa kamati.

Tukaenda moja kwa moja kwenye chumba cha vitendo, na nakwambia, kufuli lipo. Mke wangu uso ulimshuka. Baba Chiriku alikohoa tu, lakini ni kikohozi ambacho ningekirekodi. Chiriku akagonga mlango wa idara mwenyewe, akatoka yule mwanamama wa siku ya goti. Akatueleza kwamba siku kama hiyo wanafunzi wa miaka ya juu wote wako hospitali kwa wagonjwa halisi, chumba kinafunguliwa mchana kwa mwaka wa kwanza. Baba mtu akamuuliza, mbona mwanafunzi alimwambia wiki nzima hawajaingia?

"Alikwambia kweli," yule mama akasema. "Mkufunzi wetu mmoja aliondoka, tukayumba. Mpya ameanza wiki hii. Njoo umwone."

Akatupeleka tukamwona, na tukamuuliza maswali yako yote, na la leseni akatuonyesha cheti cha bodi ukutani bila kutuzungusha. Nilimwona mpima ardhi anatikisa kichwa taratibu, nadhani alichokipenda ni kwamba hakufichwa. Mke wangu naye hakuridhika na ukuta, akampigia muuguzi mwenzake wa hospitali wanakopelekwa wanafunzi, akajibiwa, "Wanakuja, tena tunawapigania, wana mikono mizuri." Mwanafunzi wa mwaka wa tatu tulimpata, akalalamikia chakula, akalalamikia intaneti, akalalamikia mitihani, walimu wake hakuwagusa. Hosteli maji yalitoka.

Kantini tukakaa. Chiriku akashika glasi yake kwa mikono miwili, akawaambia yote, kwa maneno karibu yaleyale ya karakana, na aliposema lile la kunyamaza huku na kunyamaza kule, sauti ilimkatika, lakini alirudi akamalizia. Kimya kikaja. Mama Mshauri, niliuma ulimi wangu mpaka nikasikia ladha ya damu.

Mke wangu akanigeukia. "Wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Aliniambia. Lakini maneno ni yake."

Akanitazama, nikajua anakumbuka nilivyomwambia siku chache nyuma kwamba nyumba bila binti itanishinda, maana ilibidi anipe kitambaa cha kufutia machozi. Hakunisema.

Baba mtu akasema, "Chumba nimeshakipaka rangi, mwanangu."

"Likizo nitalala humo, baba. Hii ni ya siku za masomo."

"Haya, na Jumapili je?" mama yake akauliza. "Jumapili utakuwa kwa nani?"

Chiriku akawatazama wote wawili. "Jumapili nitakuwa kwangu," akasema. "Nyinyi ndio mtakuja."

Wa kwanza kucheka alikuwa baba yake, akacheka hadi watu wa meza ya pili wakageuka, na mke wangu akajikaza, akashindwa. Mchana huohuo binti akaingia ofisi ya udahili akathibitisha nafasi yake, na sisi watatu tukamsubiri nje kwenye benchi.

Muhula umeanza na amehamia sasa. Jumapili ya kwanza mke wangu na mimi tulipanga kwenda tukae naye kidogo, kufika tukamkuta baba yake naye yuko, hakuna aliyemwambia mwenzake. Chumbani kiti ni kimoja, tukakaa kitandani tumepangana, yeye akakaa kwenye kiti akatuhadithia habari aliyosimuliwa na mwalimu wao, ya mzee mmoja hospitalini ambaye alisimama kwa mara ya kwanza tangu apate kiharusi na akamtukana kila mtu aliyekuwa karibu. Baadaye akatazama saa.

"Haya jamani, nendeni. Nina kitabu cha kumaliza."

Akatusindikiza mpaka getini, akageuka, akarudi ndani akitembea haraka. Tukabaki tumesimama pale nje, watu wazima watatu, hakuna anayejua pa kuanzia. Baba Chiriku akauliza basi la mwisho linaondoka saa ngapi. Mke wangu akafungua mlango wa nyuma wa gari letu, akausogeza mkoba wake pembeni.

"Ingia," akamwambia. "Tutakushusha stendi."